Mjomba Yuko Majini

Saa tatu asubuhi Emiliana alikuwa bado anaamini kwamba ifikapo saa sita atakuwa nyumbani kwake, amevaa kitenge kipya, amesimama uani akiwapokea wakwe. Saa nne hakuamini tena. Upepo uliwakuta katikati ya bwawa la Mtera, ukitokea upande wa milima ya Iringa, na haukuja kidogo kidogo kama mgeni anayepiga hodi. Uliingia moja kwa moja. Maji yaliyokuwa yametulia kama uji uliopoa yaligeuka kijivu, yakainuka, yakaanza kutoa meno meupe.

Jamaldini, mwenye mashua, alitazama juu mara moja. Alishusha tanga hadi nusu, akaubana usukani kwapani, akaielekeza mashua kwenye kijilima cha mawe kilichobaki juu ya maji tangu bonde lile lilipofurikishwa. Wenyeji hukiita kisiwa, ingawa mtu anaweza kukizunguka chote kabla chungu cha maji hakijachemka. Nyuma yake, mahali ambapo upepo haukufika vizuri, aliisukuma mashua mpaka ikagusa mchanga, akaifunga kwenye kisiki cha mti uliokufa zamani kwa kusimama majini.

"Tunashuka," alisema.

"Kwa muda gani?" Emiliana aliuliza.

"Mama, upepo haujaniambia."

Kaka yake Emiliana, Nathanaeli, alishuka wa kwanza. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mbili, mrefu, mkavu, na mkononi alikuwa na fimbo nyeusi ya mpingo iliyokuwa ya baba yao. Alipanda juu ya mawe bila kutazama nyuma, akaketi mahali penye kivuli kana kwamba alikuwa amekuja kisiwani kwa shughuli hiyo tu.

Siku hiyo ilikuwa ya ng'ombe wa Jenifa. Jenifa ni binti wa Emiliana, na kijana aliyemposa, Castory, ni fundi wa kuchomelea huko Kizota mjini Dodoma, lakini kwao ni Kibaigwa. Watu wa kwao walikuwa wamekodi lori kuwaleta ng'ombe wa mahari hadi kijijini kwa Emiliana, kando ya bwawa. Na kwa desturi ya ukoo wao, ng'ombe wa binti hawaingii zizini mpaka mjomba wake awapokee. Mjomba husimama mlangoni na fimbo, huwatazama, huchagua wake mmoja, humgusa mgongoni, ndipo mlango hufunguliwa. Kabla ya hapo ng'ombe hao ni wageni. Hawali nyasi za nyumba ile wala hawanywi maji yake.

Nathanaeli ndiye mjomba. Alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa dada yake kwa miaka sita.

Alipigiwa simu, hakupokea. Alitumiwa salamu kwa mchungaji, akasema amezisikia. Ndipo juzi Emiliana akamwomba Jamaldini amvushe hadi kambi ya wavuvi ng'ambo ya pili, ambako kaka yake anaishi akikausha perege na kambale. Kwa barabara ni kulizunguka bwawa lote, safari ya kutwa nzima. Alilala huko usiku mmoja. Alipiga magoti mbele ya kaka yake, akasema shikamoo, akasema ombi lake, na Nathanaeli akageuzageuza samaki wake mpaka moto ukafifia. Kisha akasema, "Nitakuja kwa ajili ya mtoto."

Hakusema zaidi ya hayo, na Emiliana hakuthubutu kuuliza zaidi. Hata asubuhi, Jamaldini alipowaambia waondoke kabla jua halijapita vichwa vya miti kwa sababu mwezi wa Julai upepo huamka pamoja na wachunga ng'ombe, na Nathanaeli akasema fimbo yake iko kwa jirani aliyeiazima kwa shughuli kama hiyohiyo, na kwamba hawezi kwenda kupokea ng'ombe na kijiti cha mwarobaini, Emiliana aliketi ndani ya mashua saa nzima na nusu akimeza maneno. Alijua akilitoa moja tu lenye ncha, kaka yake angebaki.

Sasa alikuwa kisiwani na maneno yaleyale bado yamemkaa kooni.

Alianza kutembea. Kutoka kwenye mashua hadi kwenye jiwe kubwa la juu zilikuwa hatua arobaini na mbili. Alizihesabu mara tatu. Juu ya lile jiwe simu ilipata mtandao, na ilibaki na kijiti kimoja cha chaji. Alimpigia mumewe, Bartolomayo, akamwambia kwa kifupi kwamba upepo umewazuia, akakata haraka. Kisha akashuka tena. Akatazama maji. Yalikuwa vilevile. Akapanda.

Aliomba akitembea. Kwanza aliomba vizuri, kama anavyoomba kila alfajiri kabla ya kuwasha moto: Bwana, wewe unajua haja yangu, utulize upepo huu kwa wakati wako. Baada ya saa moja aliacha kusema kwa wakati wako. Baada ya saa mbili maombi yake yalikuwa kama ya mtu aliyesimama mbele ya kaunta ya duka akigonga kwa sarafu. Alijisikia, akaona aibu, akanyamaza. Halafu akaanza tena.

"Mama Jenifa," Jamaldini aliita kutoka chini, "utamaliza soli za viatu. Njoo ule muhogo."

Alikuwa amewasha moto wa kuni za visiki nyuma ya jabali, akaweka mihogo kwenye makaa. Jamaldini alikuwa mtu wa Dodoma mjini, wa familia za Waislamu waliotokana na misafara ya zamani. Miaka kumi iliyopita alikuja Mtera kununua samaki wakavu, akaishia kununua mashua. Kuendesha tanga alifundishwa na wavuvi waliotoka Nyasa. Injini anayo, lakini ilikuwa mjini kwa fundi wa injini kwa wiki ya tatu, na fundi kila siku alisema kesho.

"Mtani," Nathanaeli alisema, akichukua muhogo, "wewe umetufungia hapa makusudi. Mnataka kulipiza."

"Nilipize nini mzee wangu?"

"Ile hongo."

Jamaldini akacheka. "Kumbe mnakumbuka. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe. Alipofika kwenu Ugogo akaambiwa maji ya kisima hayanywewi bure. Akatoa nguo, akatoa shanga, akatoa na jembe. Alipofika Dodoma hakuwa na kitu cha kuendelea nacho, akaketi palepale. Ndiyo maana mimi nimezaliwa pale."

"Alibaki kwa uvivu. Mzigo ulimshinda."

"Alibaki kwa sababu mlimpokonya jembe."

"Jembe alikuwa hajui kulitumia. Tulimsaidia kupunguza uzito."

Emiliana hakucheka. Aliushika muhogo wake mpaka ukapoa. Moyoni aliwaona wakwe: wameketi kwenye viti vya kuazima vya kanisa, wanaangalia saa, wanakula wali kwa adabu huku wakiulizana kwa macho. Alimwona na dereva wa lori, mtu ambaye hajawahi kumwona, akizunguka matairi na kuyapiga mateke.

"Baba Jamaldini," alisema, "tukipita kwa chini, pembeni pembeni ya visiki, haiwezekani?"

"Pembeni ya visiki ndipo mashua zinapofia."

"Lakini upepo umepungua."

Haukuwa umepungua. Wote watatu walisikia jinsi ulivyokuwa ukipiga mluzi kwenye kamba za mlingoti. Jamaldini alimtazama Nathanaeli, na Nathanaeli akatazama muhogo wake.

"Leo ni siku ya mwanangu," Emiliana alisema. "Sina nyingine."

Jamaldini alifuta mikono kwenye suruali. "Tutajaribu mara moja," alisema. "Nikisema tunageuza, hakuna atakayenijibu."

Ilikuwa saa saba. Walitoka nyuma ya kisiwa tanga likiwa limekunjwa mpaka limebaki kipande cha turubai kisichozidi shuka la kitanda. Kwa muda wa kuhesabu hadi mia moja Emiliana aliona kwamba hakukosea. Kisha wakatoka kwenye kivuli cha kijilima, na mashua ikainamishwa upande mmoja kama mtu aliyepigwa kofi. Maji yaliingia juu ya ubavu, baridi ya Julai, yakamjaa mapajani. Nathanaeli alichota kwa kopo, akachota, akachota. Jamaldini alipiga kelele kitu ambacho upepo ulikichukua. Halafu chini yao palisikika mkwaruzo mrefu, mashua ikatetemeka, ikasimama, ikazunguka yenyewe.

"Kisiki," Nathanaeli alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Tunageuza," Jamaldini alisema.

Hakuna aliyemjibu.

Waliporudi nyuma ya kisiwa, Jamaldini aliipindua mashua ubavu, akapapasa mbao kwa viganja. Ubao mmoja ulikuwa umechubuka lakini haukupasuka. Alichukua lami kwenye mkebe, akaanza kuiyeyusha juu ya makaa, akiwa amekunja uso. Emiliana alisimama karibu yake akitiririka maji, akatafuta la kumwambia.

"Nisamehe, baba."

"Shukuru Mungu, mama," Jamaldini alisema bila kuinua macho. "Mimi nimeshashukuru. Sasa nenda kajikaushe."

Nathanaeli alimwonyesha kwa fimbo. "Huko nyuma ya jiwe lile la mviringo kuna jua na hakuna upepo."

Alikwenda mbele, naye akamfuata. Ilikuwa kweli. Kati ya mawe mawili makubwa palikuwa na nafasi kama chumba kidogo, mchanga mkavu, jua tupu. Pembeni, kwenye kona, palikuwa na mafiga matatu meusi kwa masizi ya zamani, na kopo la bati lililoliwa na kutu.

Emiliana alikamua pindo la kitenge. "Umepajuaje hapa, kaka?"

Nathanaeli aliketi. Aliilaza fimbo juu ya magoti. "Hayo mafiga ni yangu."

"Ulikuja kuvua?"

"Nilikuja kumzika mama."

Upepo ulipita juu ya mawe. Emiliana aliacha kukamua.

"Ilikuwa Julai kama hii," Nathanaeli alisema. "Simu ilikuja jioni. Alfajiri nikaingia kwenye mtumbwi wa kuazima, peke yangu, na kitambaa cha gunia kama tanga. Upepo ukaniweka hapa. Simu haikuwa na moto. Nikakaa mchana, nikalala, nikaamka. Siku ya pili mchana ukatulia, nikaja. Nilipofika ufukweni kwenu nilikutana na watu wanarudi na majembe."

Emiliana alikumbuka siku ile vizuri mno. Mama yao alikuwa amelala ndani tangu juzi yake. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine kijiji cha pili. Watu walikuwa wamechoka. Mtu mmoja alisema tumsubiri mtoto wa kiume, na wote wakamgeukia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenye mji. Na yeye akasema, mbele ya watu wote, "Akija atalikuta kaburi."

"Nililetewa maneno yako," Nathanaeli alisema. "Nilikuwa sijafika hata kwenye miti ya uani. Nikageuka palepale."

"Kaka." Alijaribu kuanza na mchungaji. "Siku ile mchungaji alikuwa na..."

"Najua habari za mchungaji."

"Na jua lilikuwa kali."

"Najua na za jua."

Emiliana akaketi chini kwenye mchanga, mbele yake. Sababu za siku ile alikuwa amezikariri miaka sita, alizisema hata kwenye maombi, na zote zilikuwa za kweli. Ila ile ya chini kabisa alikuwa hajawahi kuitoa mdomoni hata akiwa peke yake.

"Nilidhani umelewa," alisema. "Nilisema moyoni, yuko kwenye vilabu vya ng'ambo, amepata habari ya mama na amekwenda kunywa kwanza. Nikaogopa usije ukaanguka kaburini mbele za watu. Ndiyo maana nikasema vile."

Nathanaeli alilisogeza figa moja kwa ncha ya fimbo.

"Wakati ule nilikuwa nakunywa," alisema mwishowe. "Hukukosea sana. Lakini siku ile nilikuwa sijaonja hata tone. Nilikuwa hapa, natembea kama unavyotembea wewe leo. Kutoka kwenye maji hadi lile jiwe la juu, hatua arobaini na mbili."

Emiliana alifunika uso kwa khanga iliyolowa. Hakuomba msamaha kwa maneno yaliyopangwa. Alisema tu jina la kaka yake mara mbili, na mara ya pili sauti ikakatika. Nathanaeli hakumgusa wala hakumwambia nyamaza. Alisimama, akaenda kumsaidia Jamaldini kupaka lami.

Saa tisa Emiliana alipanda tena kwenye jiwe la juu. Simu alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni kifuani, na ilikuwa haijalowa. Alipoiwasha tu ikaita.

"Mama Jenifa, mko wapi?" Bartolomayo alikuwa akinong'ona, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Kisiwani."

"Bado?"

"Bado. Tumejaribu, tukarudishwa."

"Sikiliza lote kabla hujanijibu. Dereva wa lori anasema saa kumi anageuza, mtu apende asipende. Mshenga wao ametoa wazo, na wazee wetu wameliona halina ubaya. Mtoto wa mama yako mkubwa yupo hapa. Naye ni mjomba kwa Jenifa. Ashike fimbo, apokee, mambo yaishe. Kaka yako akija atakikuta chakula."

Emiliana alisikia maneno hayo kwa masikio mawili. La kwanza lilikuwa la mama wa binti, na lilitaka kusema ndiyo kabla kile kijiti cha chaji hakijaisha. La pili lilikuwa la dada: chini, kati ya mawe, aliona kichwa cha kaka yake chenye mvi kimeinama juu ya ubavu wa mashua. Asingesikia. Upepo ulikuwa ukitoka kwake kuja huku. Angeweza kusema ndiyo na kushuka na kumwambia ni wazee waliokata shauri.

"Baba Jenifa," alisema, "waambie mjomba yuko majini."

"Wanajua."

"Waambie tena. Hajakataa kuja, na hajalewa. Yuko majini, na upepo ndio uliomzuia. Mtu mwingine asipokee."

"Na wakiondoka na ng'ombe wao?"

Alitazama upande wa kwake. Hakukuonekana kitu ila mstari wa vumbi na ukungu.

"Wakiondoka, basi wameondoka."

Simu ilibadili mikono. Kisha sauti nyingine, nyembamba, ya Jenifa. "Mama? Mama, wengine wameshaanza kuvaa viatu."

"Mwanangu," Emiliana alisema, na simu ikazima mkononi mwake.

Aliibonyeza. Aliipuliza, kana kwamba ni moto. Akaibana kwapani aipashe joto, akaibonyeza tena. Halafu akashuka, taratibu, akiwa hana haja tena ya kuhesabu hatua.

Nathanaeli alimwona uso. "Wamesemaje?"

"Dereva anageuza saa kumi. Wanasema mtoto wa mama mkubwa ashike nafasi yako."

"Ukasemaje?"

"Nimesema hapokei mtu mwingine."

Nathanaeli aliweka chini kijiti cha lami. "Jenifa anampenda huyo kijana?"

"Anampenda."

"Basi umefanya jambo la hatari."

"Najua."

Nathanaeli alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni kwanza, halafu anamtambua. Kisha akamgeukia Jamaldini. "Mtani, tujaribu tena."

"Hapana."

"Upepo umepungua."

"Mzee, na wewe?"

Nathanaeli akaondoka akaanza kutembea. Kutoka kwenye maji hadi jiwe la juu, na kurudi. Safari hii Emiliana ndiye aliyeketi. Alimsikia akipita nyuma yake, fimbo ikigonga mawe, akisimama, akinusa hewa, akinung'unika jambo na babu zao au na Mungu, hakujua. Jamaldini alitandika kipande cha turubai, akaswali alasiri. Alipomaliza alikaa hapohapo kwa muda, viganja juu ya magoti, akitazama maji bila kuyadai chochote. Emiliana naye akainamisha kichwa. Maombi yote ya asubuhi yalikuwa yamemwishia. Alibaki na moja dogo: Bwana, uwe na watu walioko uani kwangu, wanaokaa na wanaoondoka. Na baada ya hapo hakuongeza neno, ingawa moyo wake uliendelea kwenda mbio kama wa mbuzi aliyefungwa.

Saa kumi ilipita. Waliijua kwa kivuli cha mlingoti tu.

Upepo haukuisha kwa mara moja kama ulivyoanza. Ulishusha pumzi, ukarudi, ukashusha tena. Jamaldini alitia mkono majini, akautazama kama mtu anayepima homa. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa magharibi aliposema, "Haya. Twende kabla haujabadili mawazo."

Kwenye mashua Nathanaeli aliketi katikati na kopo lake. Alimnyooshea dada yake fimbo ya mpingo. "Kaa mbele. Ukiona kisiki, sukuma."

Emiliana aliitazama. Hakuwahi kuishika fimbo ile tangu azaliwe. Baba yao alikuwa haruhusu hata iangukiwe na kivuli cha mtoto wa kike. "Kwa hii?"

"Umeona nyingine?"

Aliishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mahali pa kushikia palikuwa pamelainishwa na mikono ya watu wawili. Njia nzima alikaa ncha ya mashua, amepiga magoti, akitazama maji yaliyokuwa bado na hasira za pembeni. Alisukuma visiki vitatu. Kila kimoja kilipopita ubavuni alisikia Jamaldini nyuma yake akisema taratibu, "Hewala."

Ufukwe ulipoanza kuonekana alitafuta lori. Kwenye kilima nyuma ya nyumba yake, mahali pa kugeuzia magari, palikuwa patupu. Aliangalia tena, akakinga jua kwa kiganja. Patupu kabisa, na vumbi la barabarani lilikuwa limeshatua. Alihisi kaka yake nyuma yake ameona pia, maana kopo liliacha kuchota.

Ndipo Jamaldini, ambaye macho yake yalizoea kutafuta nyavu kwa mbali, akasema, "Wale si ng'ombe?"

Walikuwa pale majini. Hawakuwa juu kwenye zizi, walikuwa chini kabisa ufukweni, wamezama mpaka magotini, vichwa chini, wanakunywa. Nyuma yao, kwenye mchanga, alikuwepo mzee mmoja ameketi juu ya dumu lililolazwa, suruali imekunjwa, viatu viko pembeni. Alikuwa mshenga. Karibu naye alisimama Bartolomayo, na Jenifa na gauni lake la sherehe limejaa vumbi chini, na kijana mmoja mwenye fulana, Castory, akiwazuia ng'ombe wasiende mbali.

Mashua ilipokaribia, mshenga alipaza sauti bila kuinuka. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lori liko wapi?"

"Limekwenda na waliokuwa na haraka. Sisi tumebaki na hawa. Hawajanywa tangu jana Kibaigwa. Maji ya nyumbani hawaruhusiwi, bado ni wageni. Tukaulizana, bwawa ni la nani? Tukaona la Mungu." Alipangusa mchanga mguuni. "Tena tuliambiwa uko majini. Nikasema, basi tumfuate hukohuko."

Nathanaeli hakungoja mashua iguse mchanga. Alishuka, maji yakamfika magotini, akageuka, akanyoosha mkono. Emiliana akampa fimbo. Alitembea kati ya ng'ombe polepole, akiwatazama mmoja mmoja, pembe, macho, mgongo, kama ilivyotakiwa afanye mlangoni mwa zizi saa sita mchana mbele ya watu wote. Alimpita dume mnono, akampita mwingine, akasimama kwa ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye alikuwa bado anakunywa na hakujali.

Aliweka fimbo mgongoni mwake. "Huyu."

Jenifa alianza kulia, na Castory alitazama kwingine kwa adabu.

"Na mimi mkia wangu," Jamaldini alisema kutoka kwenye mashua, akikunja tanga. "Nimevusha mjomba wa Kigogo bila kumtoza shanga hata moja. Watu wa kwetu hawatanielewa."

"Utapewa kwato, mtani," Nathanaeli alisema. "Ni nyepesi, mzigo usikushinde kama babu yako."

Bartolomayo alitangulia kwenda kufungua zizi. Ng'ombe walipandishwa kilimani, maji yakiwachuruzika miguuni, na Emiliana akawafuata nyuma na kitenge chake cha zamani kilichokauka kikiwa kigumu kwa matope. Kitenge kipya kilikuwa bado kimekunjwa ndani. Upepo ulipuliza tena mara moja kutoka bwawani, ukamgusa shingoni, naye akageuka haraka kuutazama, kana kwamba umemwita.

Nathanaeli alikuwa amesimama. Hakuwa akitazama zizi. Alikuwa akitazama upande wa miti ya uani, ile ambayo miaka sita iliyopita hakuifikia.

"Kesho," alisema, "kabla upepo haujaamka, unipeleke kwa mama."

"Nitakupeleka leo, kaka. Bado kuna mwanga."

Alifikiri. Kisha akaigonga fimbo chini mara moja, akakung'uta mchanga kwenye ncha yake, akasema, "Haya, twende," na wakaliacha zizi, wakapita pembeni ya nyumba, yeye mbele na dada yake nyuma akimwonyesha njia.